Sarafu za Tabora, medali za Keya au maganda ya Salaita: uanze kukusanya kipi?

"Shikamoo mzee. Na mimi nataka kuanza kukusanya vitu vya vita. Nianze na nini?"

Swali hili naulizwa karibu kila ninapofungua kasha langu mbele ya mtu. Anayeuliza mara nyingi ni kijana mwenye akiba ndogo. Mkononi ana kitu kimoja alichokikuta kwenye sanduku la marehemu babu yake, na tayari ameshaambiwa na mtu wa mnadani kwamba akikiuza atajenga nyumba.

Nitajibu kwa kuvipanga kimoja kando ya kingine vitu vinavyopita zaidi mikononi mwetu katika ukanda huu. Kuna sarafu zilizopigwa Tabora mwaka 1916, kuna medali walizopewa askari wa Keya, yaani King's African Rifles (K.A.R.), jeshi la Mwingereza la Afrika Mashariki, katika vita vikuu vyote viwili, na kuna vile vinavyookotwa kwenye viwanja vya mapigano kuanzia Taveta hadi Lindi. Karatasi nitazigusa njiani, maana bila karatasi nusu ya medali ni bubu. Kipimo changu ni kimoja: je, kitu hiki kinaweza kunieleza kilitoka wapi na kilikuwa cha nani? Bei naiangalia baadaye.

Sarafu za Tabora

Vita vilipoanza Agosti 1914, manowari za Uingereza zilifunga bahari, na fedha iliyokuwa ikipigwa Berlin na Hamburg haikufika tena pwani yetu. Mjerumani alikuwa na askari wa kulipa, wapagazi wa kulipa na chakula cha kununua kwa wakulima. Noti alikuwa anazichapisha papa hapa, lakini mkulima wa Unyamwezi hakuona sababu ya kutoa mtama wake kwa kipande cha karatasi. Ndipo mafundi wa karakana ya reli wakageuzwa wapiga sarafu. Pale Tabora wakapiga heller, yaani senti za rupia, za 20 na za 5, kwa shaba chakavu, yakiwemo maganda ya risasi, na rupia 15 za dhahabu kwa dhahabu ya mgodi wa Sekenke, Iramba. Majeshi ya Ubelgiji yalipoingia Tabora tarehe 19 Septemba 1916, kazi hiyo ilikuwa imekwisha.

Neno "hela" unalolitamka kila siku ukiwa dukani limetokana na hiyo heller. Mimi hilo peke yake lilinitosha kununua ya kwanza.

Kuitambua heller 20 si kazi. Upande mmoja una taji, herufi D.O.A. (Deutsch-Ostafrika, koloni la Mjerumani la Afrika Mashariki), mwaka 1916 na chini yake herufi T ya Tabora. Upande wa pili una namba 20 na neno HELLER, limezungukwa na matawi. Haina tundu. Zipo za shaba nyekundu na zipo za shaba ya njano, na za njano ndizo nyingi. Kazi yenyewe ilikuwa ya haraka, mihuri ikichakaa na kubadilishwa, kwa hiyo kuna taji kubwa na taji dogo, na kuna herufi L mbili za HELLER ambazo ncha zake wakati mwingine zimechongoka na wakati mwingine zimejikunja. Chukua lenzi, kaa dirishani penye mwanga, ulinganishe. Kuna watu wanaotumia miaka kukamilisha aina zote za L, nami siwacheki, kwa sababu kila tofauti ni siku nyingine ya kazi kwenye karakana ile.

Kosa la kawaida ni kudhani kila heller ni ya vita. Zile zenye tundu katikati, za heller 5 na heller 10, zilitengenezwa Ujerumani kabla njia ya bahari haijafungwa. Chunguza utaona herufi A ya Berlin au J ya Hamburg. Ni sarafu nzuri, lakini hazina uhusiano na Tabora. Heller 5 ya Tabora ni ya shaba ya njano, haina tundu, na haionekani mara kwa mara kama ile ya 20.

Sasa dhahabu. Rupia 15 ina tembo aliyeinua mkonga, nyuma yake mlima, chini 1916 na T. Upande mwingine una tai wa himaya na maneno DEUTSCH OSTAFRIKA. Zilipigwa 16,198 tu. Dhahabu yake ni ya kiwango cha 750, yaani sehemu tatu kati ya nne, na uzito wake ni gramu 7.168. Kuna aina mbili, zinazotofautishwa na pambo dogo ambalo mwisho wake umeangukia chini ya herufi T au chini ya herufi A katika neno OSTAFRIKA. Kwa mtu anayeanza nasema waziwazi: usiiguse. Ni sarafu inayoigizwa mno, na anayeiigiza anajua kwamba wewe unaitazama kwa tamaa. Nimeshaletewa tembo watatu kwa miaka tofauti. Wawili niliwakataa kwenye mizani ya sonara kabla hata sijatoa lenzi, maana mmoja alikuwa na gramu tano na ushei, mwingine karibu tisa. Wa tatu uzito wake ulikuwa sawa, lakini manyoya ya tai yalikuwa yamevimba na kulainika kama sabuni iliyotumika, dalili ya sarafu iliyomiminwa kwenye kalibu badala ya kupigwa kwa muhuri.

Na kuna jambo lazima niliseme, kwa sababu linawaumiza watu wetu. Wapo wanaouza rupia za Mjerumani kwa madai kwamba zina nguvu, zinavuta mchele, zinaonyesha hazina iliyozikwa. Wamewanyang'anya wajane fedha za mazao. Rupia ni fedha ya kawaida iliyolipia chumvi na kodi ya kibanda. Mtu akianza kukuambia miujiza yake, inuka uondoke.

Noti za vita hivyo, zilizoandikwa *Interims-Banknote* na kutolewa kati ya 1915 na 1917, zinapendeza kwa sababu nyingi zina saini za mkono halisi, wino juu ya karatasi ya kubahatisha. Lakini mchwa, jasho na mikunjo vimezila. Zihifadhi kama unazo. Kuanza nazo sikushauri.

Medali za Keya

Hapa ndipo moyo wangu ulipo, na hapa pia ndipo watu hukosea zaidi, kwa sababu wanachanganya vita viwili vyenye desturi tofauti kabisa.

Medali za Uingereza za vita vya kwanza zina jina la mtu. Si kwenye uso, bali kwenye ukingo. Izungushe taratibu chini ya taa utasoma namba, cheo, jina na kikosi, kwa mfano namba ya batalioni ikifuatiwa na K.A.R. Kwenye Nyota ya 1914-15 maandishi yako mgongoni. Makarani Waingereza waliandika majina yetu kwa masikio yao, kwa hiyo utakuta "bin" imeshikana na jina la baba, au jina la Kinyamwezi limegeuka neno lisilojulikana. Litamke kwa sauti, mara nyingi linafunguka.

Ile ya fedha, ya vita vya 1914 hadi 1918, ina kichwa cha Mfalme George V kisicho na taji, akitazama kushoto. Nyuma kuna mtu uchi juu ya farasi anayekanyaga ngao yenye tai, na miaka 1914 na 1918 pembeni. Kipenyo chake ni milimita 36. Utepe wake una rangi ya machungwa katikati, kisha nyeupe, nyeusi na buluu kila upande. Mwenzake ni Medali ya Ushindi, ya shaba, yenye malaika wa kike mwenye mabawa na utepe wa rangi za upinde wa mvua. Kwa kawaida aliyepata ya Ushindi alipata na ya fedha, kwa hiyo ukiona ya shaba peke yake jiulize ya fedha ilienda wapi. Mara nyingi ilienda kwa sonara. Jirani yetu mmoja nilipokuwa kijana aliipeleka ya baba yake, ikapimwa, ikayeyushwa ikawa bangili za harusi ya binti. Simlaumu, harusi ilikuwa wiki ile. Lakini jina la mzee yule lilikuwa limeandikwa mahali pamoja tu duniani, na mahali penyewe ndipo palipoyeyuka.

Udanganyifu wa medali hizi uko palepale kwenye ukingo. Mtu anachukua medali ya askari wa kawaida wa Uingereza, ambazo ziko kwa mamilioni, anafuta jina kwa tupa na kuandika jingine linalouzika. Jina la asili liligandamizwa ndani ya chuma kwa mashine, herufi zikilingana kina na nafasi. Jina la kughushi mara nyingi limechongwa kwa mkono, na ukingo uliopigwa tupa umekonda. Pima kwa kalipa pande nne. Ikipungua chini ya milimita 36, au upande mmoja ni mwembamba kuliko mwingine, rudisha.

Kati ya zote, zile zenye namba ya batalioni ya 6 hunisimamisha. Batalioni ile ya Keya iliundwa kuelekea mwisho wa vita kutokana na askari waliokuwa wa Mjerumani wakatekwa. Mtu aliyeandikwa pale huenda alilipwa heller 20 ya Tabora mwaka 1916, kisha akapewa medali ya Mfalme George. Weka hizo mbili mezani pamoja na utaelewa vita vile kuliko kwa kusoma kurasa nyingi.

Vita vya pili ni hadithi nyingine. Nyota na medali walizopewa Keya wa vita hivyo hazikuandikwa majina. Wahindi na Waafrika Kusini waliandikiwa, wa kwetu hapana. Nyota zote zinafanana kwa umbo: ncha sita, aloi ya njano, herufi GRI na VI chini ya taji katikati, mgongo mtupu. Kinachozitofautisha ni maandishi ya duara na utepe. Nyota ya Afrika ina utepe wa rangi ya mchanga wa jangwa wenye mstari mwekundu katikati na mistari miembamba ya buluu iliyoiva na buluu ya maji. Nyota ya Burma ina buluu iliyoiva, mstari mpana mwekundu katikati, na mistari ya machungwa. Medali ya Vita ya 1939-45, ya rangi ya fedha lakini si fedha, ina simba aliyesimama juu ya joka lenye vichwa viwili.

Kwa kuwa hazina majina, angalia kama kundi lina mantiki. Keya aliyepigana Ethiopia mwaka 1941 kisha akapelekwa na Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki kwenye bonde la Kabaw, Burma, mwaka 1944, akavuka mto Chindwin pale Kalewa mwezi Desemba, angetarajiwa kuwa na Nyota ya 1939-45, Nyota ya Afrika, Nyota ya Burma na Medali ya Vita, mara nyingi pamoja na Medali ya Ulinzi. Ukiletewa kundi la "mzee wa Burma" lisilo na Nyota ya Burma, kuna aliyeongeza au aliyepunguza.

Na ziko zilizofika nyumbani bila mwenyewe. Tarehe 12 Februari 1944 meli ya Khedive Ismail, iliyotoka Mombasa kwenda Colombo, ilizamishwa na nyambizi ya Japani karibu na Maldives. Walikufa watu 1,297, wengi wao wapiga mizinga wa Afrika Mashariki. Kwa familia zile, hakukuwa na kaburi la kwenda kupalilia.

Ndiyo maana nasema nyota ya Burma iliyolala peke yake sokoni, bila cheti, ni kipande cha shaba. Ileile ikiwa na cheti cha kuachishwa jeshi kilichokunjwa mara nne, kikiwa na namba, jina, kabila na kijiji cha jumbe, sifikirii mara mbili. Wauzaji wengi huvitenganisha. Medali wanaiuza, cheti wanakitupa kwa sababu kimechanika. Ukimkuta muuzaji, swali la kwanza liwe: "Karatasi zake ziko wapi?"

Kuna pia watakaokuletea msalaba wa chuma wa Mjerumani. Ule wa 1914 una kiini cha chuma ndani ya fremu ya fedha, hivyo sumaku inanasa katikati. Wenye swastika na mwaka 1939 ni wa vita vingine, na haukuvaliwa na askari yeyote wa Lettow-Vorbeck, kamanda wa Mjerumani, katika kampeni ya kwetu.

Vinavyookotwa

Salaita, karibu na Taveta, mapigano ya 12 Februari 1916. Latema na Reata, mwezi uliofuata. Mahiwa kule Lindi, Oktoba 1917. Ukitembea maeneo hayo baada ya mvua bado ganda la risasi linaweza kuonekana kwenye udongo, na watoto wanaochunga mbuzi wanayajua kuliko wewe.

Kuyatambua ni rahisi, na hili nalipenda kweli. Ganda la .303 la Mwingereza lina urefu wa milimita 56 na kitako chenye ukingo uliotokeza nje kama kofia. La Mauser, bunduki ya Mjerumani, la milimita 7.92 lina urefu wa 57, na kitako chake kiko sawa na mwili, kimezungukwa na mfereji mdogo. Ukikuta ganda nene la milimita 60 lenye mdomo wa milimita 11, hilo ni la bunduki ya Mauser ya mwaka 1871, iliyotumia baruti nyeusi. Askari wengi wa Mjerumani walianza vita na bunduki hiyo ya kizamani, na moshi wake mzito ulimwonyesha adui walipo. Kitako kina muhuri wa kiwanda. Kwenye maganda ya Kijerumani utaona mara nyingi herufi ya kiwanda, mwezi, mwaka, na S67, alama ya aina ya shaba.

Kwa hiyo ni bure, ni ya kweli, na hakuna anayehangaika kuyaghushi. Hata hivyo sishauri. Sababu ya kwanza ni uhai: kilichobaki ardhini hakijafyatuka kila kimoja. Bomu la mkono au kombora lenye kutu halijasahau kazi yake. Usilishike, usilipige teke, usilibebe kwenye boda kulipeleka kituoni. Weka alama kwa mbali, uwaite polisi. Sababu ya pili ni sheria, kwa kuwa kuchimba kutafuta vitu vya kale kunahitaji kibali Kenya na Tanzania pia. Ya tatu ndiyo nzito kwangu. Ganda likiwa pale lilipoanguka linaeleza mpigaji alilala wapi na alikuwa analenga upande gani. Likiwa mfukoni mwako halielezi chochote. Lipige picha, uliache. Kama unataka kusimama mbele ya chuma kikubwa cha vita hivyo, nenda Fort Jesus, Mombasa, ukaone mzinga wa Königsberg, manowari iliyozamishwa na wenyewe kwenye delta ya Rufiji Julai 1915, mizinga yake yote 10 ikatolewa majini na kupigana nchi kavu.

Kwa mfuko wako

Kama una fedha kidogo na hujawahi kununua, nunua heller 20 mbili za Tabora, moja nyekundu moja ya njano, zilizotumika sana. Ni za bei nafuu kuliko chochote cha kweli nilichokitaja hapa, haziigizwi sana kwa sababu hazilipi kuigizwa, na zitakufundisha kutumia lenzi. Usizisugue kwa ndimu na majivu kama bibi zetu walivyosugua sinia. Rangi ile ya kahawia ndiyo ngozi yake. Zifunge kwenye karatasi kavu au pamba, wala si kwenye mfuko wa plastiki laini, hasa ukiwa pwani.

Ukiwa na uwezo zaidi na subira, tafuta medali moja ya fedha ya vita vya kwanza yenye K.A.R. ukingoni. Ni adimu, itakugharimu, na utaisubiri. Nyota za vita vya pili usinunue bila karatasi, isipokuwa zile za nyumbani kwenu, ambazo hata usiziuze. Kaa kwanza na wazee, rekodi kwenye simu nani alizivaa.

Medali iliyonigharimu zaidi niliinunua kwa muuzaji wa ng'ambo. Ilikuwa ya fedha, ya batalioni ya 6, na kwa bahati njema ilikuja na cheti chenye jina la kijiji, kusini mwa Tabora. Nilikaa nayo miaka minne. Kisha nikapanda basi, na kutoka stendi nikachukua bodaboda. Jina nililitamka kwa wazee watatu kabla mmoja hajaninyoosha ulimi: "Si hivyo, mwanangu. Huyo tunamwita hivi." Nikapelekwa kwa mjukuu wake, bibi mwenye umri mkubwa, macho yamefifia. Aliizungusha ile medali kwa kidole gumba, akazihisi herufi moja moja, mjukuu wa bibi huyo akimsomea.

Alipofika mwisho aliuliza kama serikali ya Mwingereza bado inadaiwa mshahara wa babu yake. Nikamwambia sijui pa kuuliza. Akanyamaza, kisha akaniambia nimletee kopo la biskuti lililokuwa chini ya kitanda. Ndani mlikuwa na vyeti vya ubatizo, risiti za tumbaku na picha moja iliyofifia. Medali ikawekwa juu ya picha hiyo, na cheti chini yake. Mimi nimebaki na picha ya ukingo kwenye simu, mstari mmoja wa herufi, na sasa najua unavyosomwa.